Plagi ya Nne

Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyenifundisha kwamba mawese hulala. Nilikuwa mdogo, meno ya mbele sina, akanituma jioni sokoni Ujiji kwa mama mmoja mnene aliyekuwa na desturi ya kumpa kila mtoto anayetumwa kwake chikichi moja ya kufyonza njiani. Nikafyonza chikichi yangu, nikafika nyumbani, nikaiweka chupa pembeni mwa jiko, nikalala. Kilikuwa kipupwe. Asubuhi Bibi akasema, "Lete mafuta, mke mwenzangu." Nikaipindua chupa juu ya sufuria, hakikutoka kitu. Nikaitikisa. Ndani mlikuwa na kitu kizito cha manjano kama kiini cha yai la kuchemsha, kimeshikamana na chupa. Nikaangua kilio. Nilidhani nimeyaua kwa kuyabeba vibaya.

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Akaichukua chupa, akaiegemeza kwenye ukuta unaopigwa na jua, akaniambia, "Hayajafa haya. Yamelala kwa baridi. Na yakilala, hata liwali aje kuyaita hayatoki." Adhuhuri ilipofika yalikuwa yanacheza ndani ya chupa, mekundu, mazima. Mimi nikaenda kuwaambia wenzangu kwamba bibi yangu anafufua mafuta, na mmoja akanipiga kibao akisema nakufuru. Mtoto yule baadaye alikuja kuwa mke wa mtu mkubwa, lakini tuyaache hayo, mwenyewe bado yuko hai.

Nimesoma mpaka darasa la tatu tu, kwa hiyo msinitafutie mpangilio. Naanzia kwenye mawese kwa sababu juzi mjukuu wangu, anayeendesha bodaboda kule Gungu, alimpakia mama mmoja mwenye dumu la mawese lisilofungwa sawasawa. Alipofika kwangu injini ya pikipiki ilikuwa inafuka moshi mweupe, na uwanja mzima unanukia kama kikaango. Yeye analaani, anatafuta tambara. Mimi nimesimama mlangoni, nikamwambia, "Usifute kwanza. Ngoja kidogo." Akanitazama jinsi vijana wanavyotutazama siku hizi, kama wanaohesabu akili zetu zimebaki ngapi. Harufu ile naijua. Mara ya kwanza niliinusa nikiwa na miaka tisa au kumi, nyuma ya nyumba yetu Ujiji, na aliyeisababisha ni mimi.

Baba yangu alikuwa na pikapu. Enzi zile mtu mwenye pikapu Ujiji alijulikana mpaka na mbuzi. Ilikuwa ya kijani iliyochujuka, mlango wa kushoto umefungwa kwa kamba ya katani, na alikuwa akichukua dagaa na samaki wa migebuka kutoka ufukweni Katonga na kuwapelekea wachuuzi, akirudi na magunia ya muhogo. Alinibeba mbele, nikasimama katikati ya magoti yake na usukani, nikipiga honi kila tulipoona kuku. Kisha akaugua homa, siku nne tu, akafariki. Pikapu ikasukumwa nyuma ya nyumba, chini ya mchikichi, ikawekewa mawe kwenye magurudumu. Kuku wakahamia. Mama hakutaka kusikia habari ya kuiuza. Kila Ijumaa alikuwa akichukua tambara na maji akafuta kioo cha mbele, kioo tu, akamaliza akaingia ndani. Ndugu yake, mjomba wangu Ramadhani, ambaye alikuwa dereva wa watu, alimwambia, "Dada, lile si gari tena. Lile ni banda la kuku lenye usukani." Mama akamjibu, "Basi wewe usipande siku litakapotembea." Tuliishi kwa Mama kutembeza dagaa kichwani, kutoka Katonga mpaka Ujiji, kwa miguu. Shingo yake ilikuwa imeingia mabegani. Nyinyi wenzangu wa umri huu mnaikumbuka shingo ya namna hiyo.

Ndipo ukaja mwaka wa watu kuvuka ziwa kutoka Burundi. Mwaka gani, msiniulize, mimi najua tu kwamba mahindi yalikuwa yameshavunwa na upepo ulikuwa wa baridi. Mitumbwi ilikuwa inafika asubuhi, mchana, jioni, imejaa mpaka maji yanalamba ukingo. Watu wanashuka na vitu vya ajabu: huyu ana mlango wa nyumba, yule ana jogoo, mwingine ana kiatu kimoja. Watu wa Ujiji walipika, wakapeleka ufukweni. Mama na Bibi walipeleka ugali wa muhogo kwenye beseni, na mimi nikabeba maji. Tukamkuta mwanamume amekaa peke yake kwenye mchanga, anatetemeka kwa homa, mikononi ameshika bomba fupi la chuma kama anayeshika mkono wa mtu. Bibi alimgusa paji la uso. Nadhani alimkumbuka mwanawe na zile siku zake nne, kwa sababu hakumwomba mtu shauri. Alisema tu, "Huyu mleteni nyumbani."

Jina lake hakulitaja. Alipoulizwa aitweje, alisema, "Mimi ni Baba Joselina." Mkewe na binti yake walipanda mtumbwi mwingine gizani, yeye akasukumwa kwenye huu, na ufukweni hawakuonana. Nyumba yetu haikuwa na mwanamume, basi kulala ndani isingefaa. Alilala kwenye bodi ya pikapu, chini ya turubai, kuku wakashushwa cheo. Jirani yetu mmoja mwenye mdomo alipita uani akasema, "Eti Mama Mwamvua amepata dereva?" Mwamvua ndiye mimi. Bibi akamjibu bila kuinua uso kwenye ungo, "Amelala garini. Kama una wivu, lete na wewe gari lako alale." Yule mama hakupita tena njia ile mpaka mwezi wa Ramadhani.

Homa ilipomwacha, Mama alimpa shati la marehemu baba, la kahawia, lenye kiraka begani. Akalivaa, akaja kusimama mbele ya Mama na Bibi, kofia mkononi ijapokuwa kofia yenyewe ilikuwa ni kipande cha mfuko. Akasema, "Mama Mwamvua, mimi nilikuwa fundi wa lori la kahawa kwetu. Sina cha kuwapa. Nitaiwasha hii pikapu ya mzee, itembee, ibebe mzigo, ndipo niondoke. Kabla ya hapo siondoki." Na lile bomba la chuma alilokuja nalo, kumbe ni spana ya plagi. Ndicho kitu pekee alichotoka nacho kwao.

Mimi nilimpenda siku ileile. Si kwa sababu kubwa. Alikuwa ananiita "mwana wanje", mwanangu kwa Kirundi, na Waha nao husema karibu hivyohivyo, na nilikuwa sijaitwa hivyo na sauti nzito tangu homa ya baba. Kila asubuhi alikwenda ufukweni, akarudi uso umelowa. Nilidhani anakwenda kunawa. Nilijiuliza mbona hanawi nyumbani, maji yapo. Na habari ya Joselina sikuitilia maanani. Mtaani kwetu palikuwa na mama akiitwa Mama Salehe, na huyo Salehe alikufa kabla mimi sijazaliwa. Kwa hiyo nilijua kwamba kuna majina ya kuitiwa wazazi tu, majina yasiyo na mtu ndani yake. Joselina nikamweka huko. Hakuna aliyewahi kumwona. Usiku nililala nikijaribu kwa sauti ya chini, "Baba Mwamvua, Baba Mwamvua," nikaona linamkaa vizuri zaidi.

Sasa hizo plagi. Kwa wasiojua, injini ile ilikuwa na plagi nne, zimesimama kwa mstari kama wanafunzi, na kila moja ndiyo inayowasha moto kwenye chumba chake. Zilikuwa zimekaa miaka miwili bila kuguswa, kutu imezishika. Mjomba Ramadhani alileta mpya nne, zimefungwa kwenye karatasi, akaazima na betri, huku akisema anafanya hivyo ili aje acheke. Baba Joselina hakugusa spana siku ya kwanza. Alikata kikonyo kirefu cha jani la mpapai, kile chenye tundu katikati, akapuliza mchanga wote uliokuwa kwenye mashimo ya plagi. "Mchanga ukiingia ndani," aliniambia, "injini itakuwa inatafuna mawe." Kisha akanipa kikonyo nipulize mimi. Nikapuliza mpaka nikaona nyota. Akadondosha mafuta ya taa, matone tu, akafunga boneti. Akaketi.

"Tunangoja nini?" nikamuuliza.

"Tunangoja yashuke."

"Mpaka lini?"

"Buhoro, mwana wanje. Buhoro." Yaani polepole. Neno hilo nalisikia mpaka leo ninapofungua kitu chochote kigumu, hata kizibo cha dawa.

Kesho yake akavisha spana, akapitisha nondo kwenye tundu lake, akaegemea kidogo. Kuna mlio unatoka plagi inapokubali, mkavu, kama mtu anayevunja kidole. Ikizunguka robo, haendelei. Anairudisha. Anadondosha mafuta ya taa. Robo tena, anarudisha. Nikamwambia mbona unarudi nyuma. Akasema, "Ukiikasirikia itakatikia ndani, na ikikatikia ndani gari hili ni la kuku milele. Ipe njia ya kutoka, na njia ya kurudi. Itachagua yenyewe." Ya kwanza ilitoka alasiri ileile. Ya pili siku mbili. Ya tatu ilichukua karibu wiki, ilipotoka alikaa chini jasho linamtiririka. Kila moja aliishika mwangani akaisoma pua yake. Hii nyeusi kavu, ilikuwa inapewa petroli nyingi kuliko hewa. Hii ya kahawia, ilikuwa na afya. Hii imelowa oili, chumba chake kinavuja. "Baba yako alikuwa anaendesha gia kubwa mlimani," aliniambia, na mimi nikamtazama kwa mshangao, kwa sababu ni kweli, na alikuwa hajawahi kumwona. Plagi mpya alizipima mwanya kwa ukucha wa kidole gumba, akazifunga kwa mkono mtupu mpaka mwisho, spana ikaja kugusa tu.

Ya nne ikakataa.

Alijaribu kila asubuhi baada ya ufukweni, na kila jioni. Mafuta ya taa, nyundo ndogo ya kugonga kwa upole, robo ambayo haikuwa hata robo. Waliiwasha siku moja hivyohivyo, tatu mpya na ile moja iliyokufa, ikanguruma ikichechemea kama mbuzi mwenye mwiba. Mjomba akaijaribu hapo uani akasema, "Inatembea, lakini kwa miguu mitatu. Ukiipakia dagaa, kilima cha kutoka Katonga haikipandi." Mama alikuwa amesimama, khanga mdomoni. Baba Joselina akasema, "Basi haijawa gari." Ikarudi chini ya mchikichi. Siku nyingine Mjomba akapita akamkuta ameinamia palepale.

"Fundi, hiyo plagi umeioa? Wiki nzima unaibembeleza! Mimi mke wangu sijawahi kumbembeleza hivyo."

"Ndiyo maana yuko kwao mwezi wa pili," akajibu Baba Joselina.

Bibi alicheka mpaka akamwaga mchele. Mjomba naye akacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Na mimi nikaona furaha ile yote imekaa juu ya plagi moja. Kama haitoki, haondoki. Nikaanza kuipenda plagi ya nne. Nilikuwa naigusa nikipita, kama watu wanavyogusa kichwa cha mtoto.

Kisha siku moja alirudi kutoka ufukweni uso mkavu, anakimbia. Alikuwa amekutana na mtu wa kijiji chao. Mtu yule alimwambia kwamba wale waliofika kwanza walikuwa wamekusanywa Kigoma mjini, karibu na stesheni, na kesho jioni watapandishwa treni wapelekwe bara, upande wa Tabora, huko walikopewa mapori. Na katika watu hao amemwona mkewe, na mtoto.

Mama akasema, "Nenda sasa hivi! Unangoja nini?"

Alisimama pale akiitazama pikapu. Naona mpaka leo jinsi alivyogeuza kichwa: barabarani, kwenye pikapu, barabarani. "Nimesema itabeba mzigo," akasema. "Kesho asubuhi najaribu mara ya mwisho. Treni ni jioni."

"Baba Joselina, nakuachilia neno lako."

"Neno ni langu, Mama Mwamvua. Huwezi kuniachilia wewe."

Bibi akasema polepole, "Mwanangu, na isipotoka?"

Akaenda kufunga boneti. Na kwa vile hakujibu, mimi nikajijibu. Isipotoka, atabaki. Ndivyo nilivyoelewa. Hesabu ya mtoto ilikuwa fupi namna hiyo.

Magharibi, Mama na Bibi walipokuwa wanaswali, nilichukua chupa ya mawese jikoni. Mliosahau mwanzo rudini, mimi nilikuwa sijasahau: yakilala, hata liwali aje hayatoki. Nilipanda kwenye bampa, nikainua boneti kidogo kwa kichwa, nikamimina mawese kwenye shimo la plagi ya nne mpaka likajaa. Nilimimina kwa adabu, kama anayemwagilia mche. Yeye alikuwa mbele ya nyumba akimsaidia Mjomba kufunga magunia ya muhogo. Nikarudisha chupa, nikanawa mikono kwa majivu, nikaenda kuitikia amina.

Usiku ule baridi ilikuwa nzuri. Sijawahi kuomba baridi kabla wala baada.

Asubuhi alifungua boneti, mimi nimekaa juu ya jiwe, magoti kidevuni. Akaingiza kidole kwenye shimo. Kikatoka na donge la manjano. Akalinusa. Akageuka akanitazama mimi, si Mama, si Bibi, mimi moja kwa moja.

"Mwamvua. Nani amelaza mawese hapa?"

Nilitazama kucha zangu. Zilikuwa bado nyekundu pembeni. Majivu hayatoi mawese, mama zetu wote wanalijua hilo, mimi nililijua siku hiyo.

Hakuuliza mara ya pili. Aliligeuzageuza lile donge mpaka likaanza kuyeyuka kwa joto la vidole vyake, likamtiririka kwenye kiganja. Akalitazama linavyotiririka. Kisha akamwita Mjomba wawashe injini, hivyohivyo kwa miguu mitatu. Ikawaka, ikachechemea, ikaanza kupata moto, na moshi mweupe ukapanda juu ya mchikichi. Uwanja wote ukanukia kikaango. Jirani mmoja akapiga kelele kutoka ng'ambo ya ua, "Mama Mwamvua, gari lenu linapika nini leo?" na Bibi akasema, "Pilau! Lete sahani!"

Baada ya muda akaizima. "Tunangoja ipoe kidogo," akasema, akaja kukaa karibu na jiwe langu. Moshi ulikuwa unapungua. Nikaona ni afadhali niulize kabla sijapigwa.

"Joselina yupo kweli?"

"Yupo."

"Mkubwa?"

"Kama wewe. Wewe una maneno kumzidi." Akafuta mikono kwenye suruali. "Tulipotoka nyumbani nilimbebesha sufuria kichwani. Nikamwambia, shika hii, usiitue mpaka mimi nikuambie tua. Nilikuwa naogopa akiiweka chini atasahauliwa pamoja nayo. Sasa yule mtu wa jana ananiambia, amemwona mtoto wa kike pale stesheni, amekaa chini na sufuria kichwani. Mama yake anambembeleza aitue, hataki. Analala ameikumbatia, akiamka anairudisha kichwani. Anasema hajaambiwa."

Mimi sikumwona Joselina, lakini kuanzia dakika ile nilikuwa na uzito wa sufuria kwenye utosi wangu. Shingo ilinishika. Lile jina lisilo na mtu ndani lilijaa mtu mara moja, ana miguu, ana vumbi, anangoja. Na mimi nilikuwa nimemwongezea asubuhi moja, na nilikuwa nimekusudia kumwongezea zote.

"Nilitaka isitoke," nikasema. Nililia kwa aibu mpaka kamasi zikanifika kidevuni, sitaficha.

"Ego," akasema. Ndiyo. Alisema kana kwamba nimemwambia kwamba leo ni Alhamisi. Akasimama, akaenda kwenye injini, akavisha spana kwenye plagi ya nne, akapitisha nondo. Kisha akaniita. "Njoo. Aliyeifunga ndiye atakayeifungua."

Mjomba akasema, "Fundi, mtoto ataivunja!" Akamnyamazisha kwa mkono. Nikapanda kwenye bampa. Alinifungia kipande cha khanga viganjani kwa sababu chuma kilikuwa bado cha moto, akarudi nyuma hatua mbili, akafunga mikono kifuani. Hakunigusa. Nikaegemea. Hakuna kitu. Nikatamani kuikasirikia, nikasikia sauti yake, "Njia ya kutoka, na njia ya kurudi." Nikaegemea tena kwa uzito wangu wote, uzito wa kuku wawili, na nilikuwa nasema moyoni, toka, toka, mtoto wa watu ana sufuria kichwani.

Ikalia. Ule mlio mkavu wa kidole.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Nikatoa. Nikarudisha. Mawese yaliyokuwa yameyeyuka yalikuwa yameshuka kwenye nyuzi za plagi, huko ambako mafuta ya taa yalikuwa yanakauka kabla ya kufika, na kila nilipozungusha ilikuwa laini zaidi, mpaka spana ikaanza kuzunguka kwa mkono mmoja, na plagi ya nne ikatoka nzima nzima, nyekundu, inang'aa mafuta, kama kitu kilichozaliwa.

Mama alipiga vigelegele. "Akili ya mtoto wangu! Mawese! Nani alijua?" Bibi akajitangazia sifa hapohapo, kwamba ni yeye aliyenifundisha habari za mawese, na hilo lilikuwa kweli kuliko alivyojua. Mjomba akaapa hatatania tena, ila alitania kesho yake. Mimi nilishuka kwenye bampa, nikapongezwa mpaka nikatamani ardhi inimeze. Miaka yote Mama aliwasimulia watu hadithi ile, jinsi Mwamvua wake alivyomsaidia fundi. Amekufa akiisimulia. Sikuwahi kumrekebisha. Ndiyo kwanza leo nasema, na nawaambia nyinyi.

Plagi mpya ya mwisho aliipima kwa ukucha, akaifunga. Akawasha. Wallahi, ilinguruma kama asubuhi za baba. Mama aliingia ndani ya nyumba akakaa huko kidogo, akatoka amefunga khanga nyingine.

Wakapakia magunia ya muhogo iwe mzigo wa kweli, maana alisema ibebe mzigo. Tukapanda wote, yeye kwenye usukani, Mama na Bibi mbele, mimi na Mjomba nyuma juu ya magunia. Tukapita Ujiji watu wanatoka milangoni. Tukapanda mlima gari halijashtuka, gia ndogo, polepole. Tulipopita Gungu, pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea Kigoma mjini, alisimamisha pembeni. Hakuzima injini. Mama akamwambia tutakufikisha mpaka stesheni, akakataa. "Pale wanahesabu watu," alisema. "Mkimbizi akishuka kwenye gari lake, watasema huyu si wetu. Niacheni niende kwa miguu."

Akashuka. Akamwonyesha Mjomba usukani kwa mkono, kama mwenyeji anayekaribisha mgeni kiti. Akampa Bibi mkono kwa mikono yake miwili, akampa Mama. Mama alisema, "Baba Joselina," kisha akaivuta khanga mdomoni. Akaja nyuma nilipokuwa. Mfukoni mwa shati la baba alitoa ile plagi ya zamani, imefutwa, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa bado na joto, sijui la injini au la kwake.

"Buhoro, mwana wanje," akasema.

Akaondoka. Spana yake ameishika mkononi, hana mzigo mwingine. Nilisimama juu ya magunia ili nimwone zaidi. Lile shati la kahawia nililijua kwa nyuma, kiraka kile kwenye bega la kulia, nilikuwa nimelitazama mara nyingi likitoka mlangoni kwetu likaenda Katonga likarudi. Nikajiambia, akifika kwenye ule mti wa kona atageuka. Akafika. Nikajiambia, akifika pale wanapouza miwa. Alikuwa anatembea haraka, kisha akaanza kukimbia, kijikimbio cha mtu mzima anayeona haya kukimbia, na mteremko ukammeza kuanzia miguuni, kiunoni, kiraka, kichwa.

Hakugeuka. Mpaka leo hajageuka.